Fomu ya Kutodaiwa

Dirisha la stoo limekatwa usawa wa kifua,
kwa hiyo miaka kumi na tisa nimewajua watu kwa mikono.
Huu wa Shekiango, kidole cha shahada hakipo,
kilibaki kwenye mkanda wa kupandishia mawe.
Huu wa Mwanamvua wa maabara,
hina ya harusi ya mwanawe haijatoka kuchani.
Yote myeupe hadi kwenye viwiko, kwa chokaa.

Jumatatu ile walitukusanya uwanja wa malori.
Kijana wa makao makuu alishika kipaza sauti,
akasema tunaoanisha nguvu kazi,
akasema tunaanza safari mpya.
Mzee Kihiyo, ambaye kinu kilishamla sikio moja,
akaniegemea:
"Kasema tunasafiri kwenda wapi?"

Nyuma ya kijana, ukutani, maneno tuliyoyapaka wenyewe
Mei Mosi ya mwaka juzi, kwa rangi iliyobaki ya geti:
HAPA NI FAMILIA MOJA.
Kwetu Makorora
mtoto akiunguza wali hapewi barua.

Majina mia mbili na kumi na nne.
Watu waliyasoma kwa kidole, taratibu,
kama wazazi kwenye matokeo ya darasa la saba,
ila hapa aliyejiona ndiye aliyefeli.

Kisha wakaja dirishani.
Kofia ngumu, moja. Buti, jozi moja. Miwani. Kitambulisho.
Nasaini, nagonga muhuri: HADAIWI.

Shekiango alileta kofia, ndani yake kaandika kwa wino
namba ya mkewe,
ya kupigiwa likitokea la kutokea.
"Ifute," akasema. "Hili nampigia mwenyewe."
Niliipitia fomu yake juu hadi chini
nikitafuta mstari wa kidole.

Mwanamvua alirudisha koti jeupe
limefuliwa, limepigwa pasi, mikono imekunjwa nyuma.
Nikamwambia, dada, haya wanayachoma.
"Basi walichome safi."

Waliobaki hawakuja.
Walizungukia upande wa mizani
kana kwamba kupunguzwa ni upele.
Siwalaumu.
Kantini meza ya karata ilikosa wa nne,
wakacheza watatu, kimyakimya,
na yule aliyeshinda hakupiga meza.

Kila saa tisa baiskeli hutoka getini kwa kelele,
hotipoti tupu zikigongana kwenye kerieli
hadi njia panda ya Pongwe.
Ijumaa nilizisikia chache,
halafu moja,
halafu nikasikia feni.

Nikavuta fomu ya mwisho.
Jina: Hoza Semkiwa. Idara: Stoo.
Aliyerudisha: Hoza Semkiwa.
Aliyepokea: Hoza Semkiwa.
Ningeweza kumaliza nimekaa.
Lakini utaratibu ni utaratibu,
nikazunguka nje, nikasimama pale wanaposimama wenzangu,
nikaiweka kofia kwenye mbao.

Sikuwahi kusimama hapo.
Ndani ni giza. Uso wa mtu wa stoo hauonekani,
kinachoonekana ni muhuri
na mkono unaougonga.
Miaka yote nilidhani wanainama kwa heshima.
Walikuwa wananitafuta.

Nikarudi ndani, nikaipokea, nikakagua mkanda wake.
Nikagonga.
Nikafunga stoo, nikaning'iniza funguo
kwenye msumari niliougongelea mimi mwaka nilioajiriwa.

Getini alikuwa Mntambo, mlinzi wa zamu.
Alifungua begi langu bila kunitazama,
akatoa kanzu ya Ijumaa, akatoa redio, akavirudisha;
ndiyo kanuni,
asitoke mtu na mali ya kampuni.
Nikakohoa, kile kikohozi changu kikavu
kinachoanza chini kabisa na kuchelewa kufika.
"Pole," akasema,
akaniinulia kizuizi, nikapita.